Maswali ya Wasomaji: Matibabu ya VA kwa waliotumikia jeshi la Marekani

Barua zilizotufikia safari hii nyingi ni za wasomaji waliowahi kuvaa sare ya jeshi la Marekani, pamoja na wake, waume na watoto wao. Karibu zote zinauliza jambo moja: Idara ya Maveterani ya Marekani, yaani VA, humtibu nani, kwa masharti gani, na kwa gharama ya nani? Viwango vya fedha tunavyotaja ni vya kawaida wakati wa kuandika. Baadhi hupitiwa upya kila mwaka, hivyo hakikisha kwenye tovuti ya VA.gov kabla ya kupanga bajeti.

Niliandikishwa jeshi la nchi kavu mwaka 2011 nikiwa na ukazi wa kudumu tu, nikafanya ufundi wa magari kwa miaka 4, nikatoka kwa heshima. Sikupelekwa vitani, sikuumia, na sasa nina bima ya kazini. Wenzangu wanasema VA ni ya waliojeruhiwa. Je, nina sababu ya kuomba? — Fundi, Texas

Ndugu yetu, unayo, tena kubwa. Maneno hayo ya wenzako ndiyo yanayowafungia mlango watu wengi kuliko sheria yenyewe.

Tuanze na uraia: si sharti. VA huangalia utumishi wako na namna ulivyotoka. Aliyeingia jeshini baada ya tarehe 7 Septemba 1980 anatakiwa awe ametumikia miezi 24 mfululizo, au amemaliza muda wote alioitiwa. Wapo wanaosamehewa sharti hilo, kwa mfano aliyetolewa mapema kwa ulemavu ulioletwa au kuzidishwa na kazi ya jeshi, na aliyeruhusiwa kuondoka mapema kwa sababu ya shida ya kifamilia. Wewe una miaka 4 na umetoka kwa heshima, kwa hiyo umevuka kizingiti cha kwanza.

Kizingiti cha pili ni kundi la kipaumbele. Yapo 8. Kundi la 1 ni la wenye ulemavu uliotokana na utumishi wa asilimia 50 na zaidi, wasioweza kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu huo, na waliotunukiwa Nishani ya Heshima. La 2 ni asilimia 30 na 40. La 3 ni asilimia 10 na 20, pamoja na waliokuwa mateka wa vita na wenye nishani ya Purple Heart. La 4 ni la wenye ulemavu mkubwa kupindukia au wanaohitaji mtu wa kuwahudumia. La 5 ni la wenye kipato kidogo, wanaopokea pensheni ya VA au wanaostahili Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. La 7 na la 8 huamuliwa na kipato cha kaya, na ndani ya la 8 ndimo baadhi ya waombaji hukataliwa kwa kuwa wanapata zaidi ya kikomo. Kikomo hicho hubadilika kulingana na mahali unapoishi na idadi ya wanaokutegemea, kwa hiyo usilinganishe barua yako na ya rafiki anayeishi jimbo jingine.

Tumeliruka la 6 makusudi, kwa kuwa ndilo linalokuhusu. Sheria ya PACT, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022, ilipanua mlango wa walioathiriwa na sumu kazini. Tangu tarehe 5 Machi 2024, veterani aliyekutana na sumu akiwa kazini au mazoezini anaweza kujiandikisha hata kama hakuvuka mpaka wa Marekani, hana asilimia yoyote ya ulemavu, na kipato chake ni kizuri. Fundi wa magari ya jeshi hushika viyeyusho vya kusafishia vipuri, madini ya risasi, asbesto ya breki za zamani na rangi maalumu ya kuzuia kemikali inayopakwa kwenye magari ya kivita. Vyote hivi vinatambuliwa na VA kama hatari za kazi. Fomu ya maombi ina sehemu inayouliza ulikutana na nini. Usiipite kwa kuwa tu hujaugua. Sehemu hiyo inaweza kuwa ndiyo inayotofautisha barua ya kukubaliwa na ya kukataliwa.

Fomu yenyewe ni 10-10EZ. Unaweza kuijaza VA.gov, kwa simu namba 877-222-8387, kwa posta, au ana kwa ana kwenye kituo cha VA. Uwe na namba ya hifadhi ya jamii, hati ya DD214 (inayoonyesha utumishi wako na ulivyotoka jeshini), taarifa za bima yako ya sasa, na kipato cha mwaka uliopita cha wewe, mwenzi wako na wanaokutegemea, kabla ya makato. Andika pia gharama za matibabu ulizolipa mwenyewe bila kurudishiwa na ada za masomo yako ya chuo, kwa sababu hupunguza kipato kinachohesabiwa. Fomu ya karatasi isiyo na sahihi hurudishwa, na hilo hutokea mno. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki moja hivi. Ukiona kimya, piga simu namba hiyohiyo. Ukikubaliwa, jibu "ndiyo" palipoulizwa kama unataka miadi, kisha nenda. Sababu ya kwenda utaiona kwenye jibu la barua ya dharura hapa chini.

Bima ya kazini usiitupe. VA huidai bima yako gharama za maradhi yasiyohusiana na utumishi, na kinacholipwa na bima huweza kupunguza deni lako. Kwa wanaochangia, kumwona daktari wa kawaida ni dola 15 na bingwa ni dola 50. Mwenye asilimia 10 au zaidi halipii kumwona daktari. Dawa za siku 30 ni dola 5, 8 au 11 kulingana na daraja lake, na ukifikisha dola 700 ndani ya mwaka hudaiwi tena mchango wa dawa mwaka huo. Mwenye asilimia 50 na zaidi halipii dawa kabisa, na maradhi ambayo VA imeshakubali kwamba yametokana na utumishi hutibiwa bure kwa kila mtu.

Nimekuwa Kikosi cha Walinzi wa Taifa miaka 6, wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kila mwaka. Nimeambiwa mimi si veterani. Ni kweli? — Ohio

Kwa matibabu ya VA, mazoezi peke yake hayatoshi, hata yakiwa ya miaka 20. Kinachotafutwa ni amri ya serikali kuu iliyokuita kwenye utumishi kamili, na uwe umemaliza muda wa amri hiyo. Amri ya gavana ya kusaidia kwenye mafuriko au vurugu, peke yake, haihesabiwi hivyo.

Kuna tundu moja ambalo walinzi wengi na askari wa akiba hawalijui. Ukiumia ukiwa mazoezini na jeraha likakuachia ulemavu, VA ikikubali dai la ulemavu huo, kipindi kile cha mazoezi huhesabiwa kuwa utumishi kamili kwako. Hapo karatasi yenye uzito ni ripoti ya jeraha ya kikosi iliyoandikwa siku zile, ikionyesha ulikuwa kazini. Kama bado uko kikosini na umeumia goti mwezi uliopita, hakikisha ripoti hiyo imeandikwa sasa na ubaki na nakala yako. Miaka 10 baadaye kamanda amehama, ofisi imehamishwa, na ushahidi uliobaki ni neno lako tu.

Nilituma nakala ya DD214, wakanijibu kwamba haionyeshi aina ya kuachiliwa kwangu. Nimekosea wapi? — Minnesota

Umetuma nakala fupi. DD214 hutolewa kwa nakala kadhaa. Ile ya "Member-1" haina sehemu ya chini yenye visanduku 23 hadi 30. Ile ya "Member-4" inayo, na kisanduku namba 24 ndicho kinachoonyesha umetoka kwa namna gani. Tuma hiyo. Kabla ya kutuma, soma pia kisanduku namba 12 kinachohesabu miaka, miezi na siku za utumishi. Makosa ya hesabu hapo yamewahi kumfanya mtu aonekane hajafikisha miezi 24.

Iliyopotea huombwa bure Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kwa fomu SF-180 au kupitia tovuti yao. Tovuti zinazodai ada kwa kazi hiyo zinakuuzia kitu kisicho na bei. Wala usisubiri nakala ndipo uombe matibabu: peleka 10-10EZ sasa, VA yenyewe inaweza kuthibitisha utumishi wako, ila itachukua muda zaidi.

Nilikaa Camp Lemonnier, Djibouti, miezi 8 mwaka 2014. Nina pumu iliyoanza baada ya kutoka, na sinusi zisizopona. Kampuni moja imenipigia, inasema itanishughulikia dai la ulemavu kisha nilipe miezi 5 ya fidia nitakayoongezewa. Nikubali? — Baba wa watatu, Washington

Usikubali, na usiwape nywila yako ya VA.gov. Sheria hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza la VA. Wakili au wakala mwenye kibali cha VA anaweza kutoza tu baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, unapotaka kuupinga. Msaada wa bure upo: mashirika ya maveterani kama DAV, VFW na American Legion yana wawakilishi wenye kibali, na kaunti nyingi zina afisa wake wa maveterani. Unamteua mwakilishi kwa fomu 21-22. Kabla ya kumteua, tafuta jina lake kwenye orodha ya VA ya wenye kibali. Anayekwepa kukupa jina lake kamili, achana naye.

Sasa dai lenyewe. Usichanganye mambo mawili: kujiandikisha kwa matibabu ni ombi moja, kudai fidia ya ulemavu ni ombi jingine, kwa fomu 21-526EZ. Unaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Lakini la pili likifaulu hukupandisha kundi na kukupunguzia gharama, kwa hiyo peleka yote mawili.

Kwako sheria imerahisisha. Chini ya PACT, VA hudhani kwamba aliyekuwa Djibouti tarehe 11 Septemba 2001 au baada yake alivuta hewa chafu, ikiwemo moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Orodha hiyohiyo ina Afghanistan, Misri, Jordan, Lebanon, Syria, Uzbekistan na Yemen. Kwa Somalia, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na jirani zake za Ghuba, tarehe ya kuanzia ni 2 Agosti 1990. Pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi imo kwenye maradhi yanayodhaniwa kutokana na hali hiyo, na sinusi sugu imo pia, pamoja na mkamba sugu na saratani kadhaa, zikiwemo za njia ya hewa, figo, kongosho na ubongo. Maana yake hulazimiki kumtafuta daktari wa kuandika kwamba Djibouti ndiyo iliyokuletea pumu. Unatakiwa kuonyesha mambo mawili tu: daktari ameugundua ugonjwa, na ulikuwa pale. La pili linathibitishwa na DD214, amri za safari, au tathmini za utendaji zinazotaja kituo.

Leo hii, kabla hujakusanya chochote, peleka kusudio la kudai, fomu 21-0966 au kwa simu. Linakupa mwaka mzima wa kukamilisha dai, na likikubaliwa malipo yanaweza kuhesabiwa kuanzia siku ile ya kusudio. Anayengoja hadi karatasi zote zikamilike hupoteza miezi ya fidia isiyorudi.

VA itakuita kwenye uchunguzi wa kitabibu wa dai. Wengi huutazama kama matibabu, wakajikaza na kumwambia daktari "sijambo". Daktari huyo hakutibu. Anaandika ripoti ya kupimia ulemavu. Mweleze siku mbaya zikoje: mara ngapi kwa wiki unatumia dawa ya kuvuta, umekosa kazi mara ngapi, usiku unaamka mara ngapi. Sema kweli tupu, bila kuongeza na bila kupunguza. Ukikosa siku ya uchunguzi bila kutoa taarifa, dai linaweza kuamuliwa bila ripoti hiyo, na hapo wengi hushindwa.

Usishangae pia kuona asilimia hazijumlishwi kama unavyotarajia. Ukipewa 30 na 20, VA huanza na 30 kwenye mwili mzima wa 100, zinabaki 70. Asilimia 20 ya 70 ni 14. Ukijumlisha na 30 unapata 44, nayo hupunguzwa hadi 40. Tarakimu ya mwisho ikiwa 5 au zaidi hupandishwa hadi kumi inayofuata. Hata ukipewa asilimia 0 usiseme umeshindwa: VA imekiri ugonjwa umetokana na utumishi, matibabu yake ni bure, na ukizidi unaomba asilimia iongezwe bila kuthibitisha upya chanzo.

Usiporidhika, una mwaka 1 tangu tarehe ya barua. Ukiwa na ushahidi mpya, peleka dai la nyongeza kwa fomu 20-0995. Ukiona ushahidi uliokuwepo ulisomwa vibaya, omba mkaguzi wa ngazi ya juu kwa fomu 20-0996. Huyo hapokei karatasi mpya. Njia ya tatu ni Bodi ya Rufaa kwa fomu 10182, na kwa kawaida ndiyo huchukua muda mrefu zaidi. Kukata tamaa na kuanza dai upya baada ya mwaka kupita kunaweza kukupotezea tarehe yako ya zamani.

Mume wangu, aliyeandikishwa VA, alishikwa na kifua usiku, ambulensi ikampeleka hospitali ya karibu isiyo ya VA. Sasa tumeletewa bili kubwa. Je, VA italipa? — Arizona

Pole sana, dada. Kwanza neno kwa kila msomaji: kifua kikibana, usitafute hospitali ya VA iliyo mbali. Piga 911, nenda ya karibu. Kipimo cha dharura ni kama mtu wa kawaida mwenye busara angeona kwamba kungoja kungehatarisha maisha au afya, hata kama baadaye madaktari watasema ilikuwa gesi tumboni.

Linaloharibu mambo ni taarifa. VA inatakiwa iambiwe ndani ya saa 72 tangu matibabu yaanze, kwa simu 844-724-7842 au kupitia tovuti yake ya kupokea taarifa za dharura. Hospitali huweza kutoa taarifa hiyo, lakini wewe uliye kando ya kitanda unaweza pia, nasi tunakusihi usiiachie hospitali peke yake. Uliza: "Mmeshaiarifu VA? Nani, saa ngapi?" Andika jibu.

Sharti la pili ndilo linalowaangusha watu wenye afya njema: mgonjwa awe amepata huduma ya VA, au ya mtoa huduma aliyelipiwa na VA, ndani ya miezi 24 iliyopita. Aliyejiandikisha akaweka kadi kabatini miaka 3 bila kumwona daktari wa VA hata mara moja anaweza kukuta hana ulinzi huu siku ya ambulensi. Miadi moja kwa mwaka ya kupimwa presha na damu inatosha kukuweka ndani. Sharti hilohilo hutumika kwenye kliniki za huduma ya haraka zilizo kwenye mtandao wa VA.

Kwenu, kama saa 72 zilipita, bado msilipe wala msiitupe bili. Ikiwa ugonjwa ulikuwa umeshatambuliwa kuwa wa utumishi, dai linaweza kupelekwa ndani ya miaka 2. Ikiwa haukuwa, muda ni mfupi, siku 90 tangu alipotoka hospitali, na hapo VA huangalia pia kama ana bima nyingine. Ombeni hospitali bili yenye mchanganuo na kumbukumbu za matibabu, mpeleke ofisi ya VA ya huduma za nje iliyo karibu, na dai la ambulensi mlipeleke sambamba kwa kuwa hutolewa na kampuni tofauti na hospitali.

Kwa matibabu yasiyo ya dharura, VA inaweza kukupeleka kwa daktari wa nje ikiwa kwa gari ni zaidi ya dakika 30 kwa wastani kufika kwa daktari wa kawaida au wa afya ya akili, au dakika 60 kwa bingwa. Vilevile ikiwa utangoja zaidi ya siku 20 kwa hao wa kwanza au 28 kwa bingwa. Idhini hutangulia. Ukienda kabla ya idhini, bili ni yako.

Nilitolewa jeshini kwa OTH, yaani kuachiliwa kusiko kwa heshima, baada ya kesi ya kuchelewa kazini. Silali, naota mambo ya Afghanistan, na nimeanza kufikiria kujiua. Niliambiwa nisiende VA, hawanitaki. — Hatutaji alipo

Ndugu yetu, kabla ya kusoma mstari unaofuata, piga 988 kisha bonyeza 1. Ni simu ya maveterani walio kwenye hatari, usiku na mchana, na hawakuulizi aina ya karatasi yako. Ukipenda kuandika, tuma ujumbe kwenda 838255.

Uliyoambiwa si kweli. Tangu tarehe 17 Januari 2023, veterani aliye kwenye hatari ya kujiua anaweza kwenda hospitali yoyote ya dharura, ya VA au isiyo ya VA, na VA ikalipia: hadi siku 30 za kulazwa na hadi siku 90 za matibabu ya kwenda na kurudi. Hahitaji kuwa ameandikishwa. Wenye OTH waliotumikia zaidi ya siku 100 na kupelekwa kwenye eneo la vita wamo. Mbali na dharura, VA huwatibu wenye OTH maradhi ya akili. Na Vet Centers, vituo vya ushauri vya VA vilivyo nje ya hospitali, huwahudumia bure waliokuwa vitani na waliodhalilishwa kingono jeshini, bila kujiandikisha.

Ukishatulia, na si kabla, kuna kazi ya karatasi. Omba VA ipitie upya tabia ya utumishi wako. Kanuni zake zililegezwa tarehe 25 Juni 2024, na sasa afisa anatakiwa kuzingatia mambo yaliyokuelemea, kama maradhi ya akili na misukosuko ya vita. Pembeni ya hapo, omba jeshi lenyewe libadilishe karatasi kwa fomu DD 293 ikiwa hujapita miaka 15 tangu utoke. Hizi ni ofisi mbili tofauti, na kukataliwa na moja hakuifungi nyingine.

Je, mke na watoto wangu wanatibiwa na kadi yangu ya VA? — North Carolina

La. Kadi ni yako peke yako. Familia huingia kwa njia nyingine mbili. Ikiwa ulistaafu jeshi, kwa kawaida baada ya miaka 20, wana TRICARE, bima ya jeshi. Ikiwa huna TRICARE lakini VA imekupa ulemavu kamili na wa kudumu uliotokana na utumishi, mwenzi na watoto wanaweza kupata CHAMPVA, mpango wa VA wa kulipia matibabu ya familia, kwa fomu 10-10d. Wanaanza kulipa dola 50 kwa mtu au 100 kwa familia kila mwaka, kisha asilimia 25 ya gharama inayokubaliwa, na mzigo wa familia hauzidi dola 3,000 kwa mwaka. Neno "kudumu" litafute kwenye barua yako ya uamuzi. Asilimia 100 ya muda haifungui mlango huu.

Mtego mmoja: ukiandikishwa VA, wewe mwenyewe hupati tena ruzuku ya kodi kwa bima inayonunuliwa kwenye soko la bima la serikali. Mke na watoto bado wanaweza kuipata. Wengi hawaliondoi jina la baba kwenye bima ya familia, na hulazimika kurudisha fedha wakati wa kodi.

Mimi ni mjamzito na ninatibiwa VA. Hospitali yao haina wodi ya uzazi. — Georgia

Hospitali nyingi za VA hazizalishi, kwa hiyo watakulipia kwa daktari na hospitali ya nje. Mjulishe daktari wako wa VA mara kipimo kikionyesha mimba, upewe mratibu wa uzazi na idhini kabla ya miadi ya kwanza. Kwa kawaida mtoto hulipiwa siku 7 tu baada ya kuzaliwa. Tafuta bima yake, Medicaid au nyingine, ukiwa bado na mimba. Mtoto njiti anaweza kukaa hospitali kuliko siku hizo.

Nafikisha miaka 65. Kwa kuwa nina VA, niache Medicare, bima ya serikali ya wazee? — Mzee, Maryland

Usiache Sehemu B, ile ya kumwona daktari, mzee wetu. Medicare hailipi ndani ya hospitali ya VA, na VA hailipi nje bila idhini yake. Ukiwa na zote unachagua pa kwenda. VA haihesabiwi kama bima ya mwajiri, hivyo ukichelewa utaongezewa asilimia 10 ya malipo ya Sehemu B kwa kila miezi 12 kamili uliyokaa nje, na kwa kawaida nyongeza hiyo haiondoki. Sehemu D ya dawa ni tofauti: dawa za VA zinatambuliwa kuwa bima ya kutosha, unaweza kungoja bila adhabu.

Nina asilimia 40 ya mgongo na masikio. Nataka kurudi nyumbani Mombasa kwa kudumu. Nitapoteza kila kitu? — New Jersey

Fidia ya ulemavu inakufuata. Matibabu ndiyo hubadilika: nje ya Marekani VA hulipa kupitia Mpango wa Matibabu wa Nje, FMP, na hulipia tu maradhi yaliyokubaliwa kuwa ya utumishi. Mgongo na masikio, ndiyo. Malaria au kisukari ambacho hakimo kwenye barua yako, hapana. Kwa hayo mengine utahitaji bima ya Kenya.

Jisajili kwa fomu 10-7959f-1 kabla ya kusafiri, upate barua inayoorodhesha maradhi yanayolipiwa, utaionyesha hospitalini. Hospitali nyingi zitataka ulipe kwanza. Dai fedha zako kwa fomu 10-7959f-2 ndani ya miaka 2, ukiambatanisha bili yenye mchanganuo wa kila huduma, jina la ugonjwa, tarehe, jina na anwani ya mtoa huduma, na risiti. Risiti iliyoandikwa "matibabu" na jumla ya shilingi, bila mchanganuo, itarudishwa. Dawa nayo iwe imeidhinishwa Marekani. Kama una dai la ugonjwa mwingine unalolifikiria, lipeleke na ufanyiwe uchunguzi kabla ya kuondoka New Jersey, kwani kupanga uchunguzi huo ukiwa ng'ambo huchukua muda mrefu zaidi.